Nani Kasema Chaneli Hii Ni Tupu?

Saa saba mchana chaneli ilikuwa tupu.

Nilikuwa juu ya paa la saruji la nyumba moja Mji wa Kale, Mombasa, laptopu mapajani, kipokezi kidogo cha yuesibi kimechomekwa, na waya umepanda hadi kwenye antena ya televisheni niliyoifunga kwa kamba kwenye nguzo ya tangi la maji. Kati ya 470 na 694 MHz skrini ilionyesha vilima ninavyovijua, vya mitambo ya hapa kwetu, na baina yao mabonde mapana, yaani masafa yasiyotumiwa na mtu. Tangu televisheni ya analojia izimwe mwaka 2015 mabonde hayo yamekuwa mengi. Nikachagua moja lenye upana wa MHz 8, nikaandika kwenye daftari: tupu.

Mwenye nyumba, mzee anayekaribia miaka themanini, akapanda ngazi polepole kuja kuona kazi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza natafuta nini huko juu. Nikamweleza kwamba kuna shule upande wa Jomvu, nyuma ya mikoko, na kwamba nataka nafasi angani ya kuipelekea intaneti, maana mawimbi ya 5 GHz, ya Wi-Fi, yakikutana na mikoko na minazi hufia humo humo.

"Mchana hutaona kitu, mwanangu," akasema. "Ngoja usiku, na kaskazi hii. Sisi hapa zamani twaliona Unguja."

Nikangoja. Niseme kweli, kilichonifanya ningoje ni kahawa na kashata zilizokuwa zimeshaletwa. Baada ya Isha nikafungua skrini tena, na pale penye bonde langu palikuwa na kilima: bapa juu, wima pande zote mbili, MHz 8 kamili. Mzee akaagiza king'amuzi na televisheni ndogo viletwe. Tukatafuta stesheni. Picha ikaja vipande vipande, ikakwama, ikaja tena. Sauti ilitosha. Msomaji wa habari alikuwa akitaja Wete na Mkoani.

Pemba.

Wiki kadhaa zimepita na bado nalifikiria. Tukio lenyewe si muujiza. Fundi yeyote wa antena wa Mombasa ana hadithi ya aina hii, na wazee waliofuatilia televisheni ya rangi ya Zanzibar tangu miaka ya 1970 wanazo nyingi zaidi. Linalonikereketa ni kwamba mchana ule, redio ya kujichagulia chaneli yenyewe ingelichagua bonde lile lile, na ingelichagua kwa kujiamini.

Baraza la mtu

Ninazungumzia redio tambuzi, yaani kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi kinachojitafutia chenyewe chaneli iliyo wazi. Wazo hilo Joseph Mitola na Gerald Maguire waliliandika mwaka 1999, Mitola akiwa mwanafunzi wa udaktari kule Stockholm. Ndoto yake ilikuwa kubwa kuliko masafa. Alitaka redio inayotazama, inayopanga, inayoamua na kujifunza, hata ikajua mwenye nayo anaelekea wapi na atahitaji nini akifika. Waliomfuata waliipunguza ndoto hiyo kwa sababu nzuri: palikuwa na tatizo moja lililokuwa linauma. Kwenye karatasi masafa yote yana wenyewe. Ukipanda juu ya paa ukapima, sehemu kubwa iko kimya. Simon Haykin wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alipoandika makala yake mwaka 2005, mjadala ulikuwa umeshatulia kwenye mambo matatu: kusikiliza mawimbi yaliyopo, kukadiria chaneli itafaa kiasi gani, na kuamua urushe wapi na kwa nguvu ngapi.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Baraza la mbele ya nyumba ni la mwenye nyumba, lakini mpita njia aliyechoka hukaa. Mwenyewe akitoka, mgeni hujisogeza au huinuka akaenda zake. Hakuna kodi, hakuna barua.

Ila mgeni wa barazani anauona mlango.

Kusikia kilicho chini ya kelele

Mwaka 2011 IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, ilitoa kiwango cha 802.22, kilichojengwa tangu msingi kwa ajili ya kukaa kwenye mabonde ya televisheni. Shabaha yake ilikuwa vijijini, kituo kimoja kikihudumia makumi ya kilomita. Ukiyasoma masharti yake unahisi kijasho. Kifaa kinatakiwa kitambue mawimbi ya televisheni ya kidijitali yaliyofifia hadi -114 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli; namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mawimbi ni hafifu zaidi). Kelele ya asili, ile inayotokana na joto tu, katika upana wa MHz 6 wa chaneli ya Marekani iko karibu na -106 dBm. Maana yake kifaa kinaambiwa kisikie kitu kilichozama chini ya kelele kwa desibeli nane. Kikishakisikia kina sekunde mbili za kuhama.

Inawezekana? Kwa kiasi. Ukipima nguvu peke yake, hutofautishi kelele iliyopanda kidogo na stesheni ya mbali. Mwanzoni nilidhani dawa ni uvumilivu, kwamba ukisikiliza muda mrefu zaidi hatimaye utasikia. Rahul Tandra na Anant Sahai walionyesha mwaka 2008 kwamba sivyo. Ikiwa hujui kwa usahihi kelele yako mwenyewe ni kiasi gani, na hakuna anayejua kwa usahihi kamili, basi kuna ukuta. Chini yake unaweza kusikiliza mwaka mzima usiambulie kitu. Ndiyo maana vifaa makini hutafuta alama zinazojirudia ndani ya mawimbi, zile ambazo mrushaji amezipanda mwenyewe ili vipokezi vimshike.

Na kila dakika unayosikiliza ni dakika ambayo hurushi. Watafiti wa Singapore, akiwemo Ying-Chang Liang, walilipigia hesabu jambo hili mwaka huo huo wa 2008. Sikiliza kidogo mno na utamkanyaga mwenye chaneli. Sikiliza mno na wateja wako watakuuliza walilipia nini.

Kipimo kilichokubaliwa katika 802.22 ni kwamba kifaa kisikose mwenye chaneli zaidi ya mara moja katika kumi. Nilikuwa napita hapo bila kusimama. Tisini kwa mia ni alama nzuri, hata mtihanini. Baada ya usiku ule nimeanza kuzihesabu zile kumi.

Anayeumia hatoi sauti

Hapa ndipo penye kiini, na imenichukua muda kukiona.

Tunasikiliza mrushaji, lakini anayeumizwa na mwingiliano ni mpokeaji. Televisheni ya mtu sebuleni haitangazi kwamba ipo. Unaweza kuwa na masikio makali kuliko yote ya mji huu na usijue kwamba nyumba ya pili kuna watu wamekaa wanatazama. Wahandisi wanalijua tatizo hili na wamelizungukia kwa kukisia: ukimsikia mrushaji hata kwa mbali sana, chukulia kwamba wapo wanaomtazama karibu nawe. Ile -114 haikutoka hewani, ilitokana na kisio hicho.

Sasa rudi Pemba. Hewa kavu yenye joto ikilala juu ya hewa yenye unyevu iliyogusa bahari, mawimbi hunaswa katikati na kufuata uso wa maji badala ya kupaa zake. Njia hiyo ina pande mbili. Yao yakifika kwangu, yangu nayo yatafika kwao. Nilipolitambua hilo nilijiona tayari nimeharibu taarifa ya habari ya kisiwa kizima.

Hesabu inasema hapana. Mtambo wa televisheni hurusha kwa kilowati. Kifaa cha mabonde, kwa kanuni za Marekani kwa mfano, kilianzia kikomo cha wati 4. Aliye Chake Chake na antena yake imeelekea mtambo wake hatanisikia. Wa Pemba wamesalimika.

Asiyesalimika ni mzee.

Yeye ndiye anayepokea mawimbi yaliyochoka baada ya kuvuka bahari, na mimi ningekuwa nje ya dirisha lake na wati zangu nne. Kisheria hana hoja. Stesheni inalindwa ndani ya eneo lake la huduma, na eneo hilo haliji hadi Mji wa Kale. Mawimbi anayoyapata ni ziada ya hali ya hewa, hakuna aliyemwahidi. Kifaa kitakachomkatia taarifa ya habari ya usiku kitakuwa kimefuata kanuni neno kwa neno.

Nimejaribu kukubaliana na hilo na nimeshindwa. Sikubaliani hata na wenzangu wanaosema wazee wahamie mtandaoni. Kuna watu hapa wana ndugu ng'ambo ya maji, na habari za Wete kwao ni habari za nyumbani.

Ramani isiyo na msimu

Utaniambia: achana na kusikiliza, uliza kanzidata, ile hifadhi ya taarifa za mitambo na masafa yake. Ndivyo dunia ilivyokwenda. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ya Marekani iliondoa sharti la kusikiliza kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo na vinavyouliza kanzidata kabla ya kurusha. Redio iliyokusudiwa kuwa na akili ikaambiwa ipige simu iulize. Nilipolisoma mara ya kwanza nilisikitika. Baadaye nikaona ni busara, kwa sababu kanzidata haizibwi masikio na jengo la ghorofa. Kenya nayo imepita njia hiyo. Majaribio yalianza mwaka 2013 upande wa Nanyuki, Microsoft ikiwa mshirika, vituo vikiendeshwa kwa umeme wa jua, na leo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina utaratibu wake wa kuidhinisha matumizi ya mabonde haya.

Nanyuki, lakini, haina bahari.

Kanzidata inakokotoa: mtambo uko hapa, una nguvu hii, mlima uko pale, basi mawimbi yanaishia kule. Hesabu za aina hiyo zina nafasi ya kuweka asilimia ya muda ambao mambo huwa si ya kawaida, na wahandisi wa mipaka huzitumia wanapopatana nchi na nchi. Ila mwisho wa yote kifaa hupewa jibu moja, ndiyo au hapana, na jibu hilo ni lile lile mwezi wa Januari kaskazi ikivuma na mwezi wa Julai wakati wa kusi. Watu wa pwani wamepanga safari, uvuvi na hata harusi kwa pepo hizi tangu zamani. Kuanzia Kilifi kushuka hadi Vanga, ramani ya mabonde isiyo na msimu ni nusu ya ramani.

Bamvua, na meli

Nusu ya pili ya redio hizi ni namna ya kurusha ukishapata pa kurushia, na hapo sina manung'uniko mengi. Ninao mfano ninaoutunza kila siku: kiungo cha 5 GHz kinachotoka Likoni kuingia kisiwani juu ya maji. Hewa ikiwa nzuri redio hutumia 256-QAM, namna ya kupakia data nyingi kwenye mawimbi, biti 8 kwa kila alama inayorushwa. Hali ikichafuka hushuka hadi 64, hadi 16, hadi QPSK yenye biti 2 tu. Mteja anaona kasi imepungua lakini kiungo hakikatiki.

Kinachochafua hali ni nini? Kwa kawaida ni bahari yenyewe. Wimbi moja huja moja kwa moja, jingine hugonga maji likaja kwa kuchelewa kidogo, na kwa urefu wa wimbi wa sentimita tano na nusu hivi, kuchelewa kidogo kunatosha yafutane. Maji yakipanda au kushuka, sehemu ya kugonga inabadilika. Wakati wa bamvua, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo katika kujaa kumoja kiungo huzama na kuibuka mara kadhaa. Wakati wa maji mafu hutulia.

Redio yangu hulifuata hilo kwa nyuma. Inaona hali imeshuka, inashuka. Haijui kwamba kesho itatokea tena. Nimewahi kubishana na mwenzangu aliyetaka kuifundisha kwa saa: ikizama saa tisa leo, ijitayarishe saa tisa kesho. Lakini maji hayafuati saa ya ukutani. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Ukiifundisha kwa saa, baada ya wiki inajitayarisha wakati ambapo hakuna shida na kulala wakati wa shida. Mvuvi wa Mtongwe anahesabu kwa mwezi wa angani. Redio nayo ingepaswa kupewa kalenda hiyo, na si kazi ngumu, ni mistari michache ya programu.

Kisha kuna meli. Meli ya makontena ikiingia Kilindini inapita katikati ya kiungo changu, ukuta wa chuma, dakika chache giza tupu. Mwezi hausaidii hapo. Adabu pekee ni kushuka haraka na kurudi polepole.

Hiyo ndiyo redio ya Mitola ninayoitaka: inayojua lipi lina ratiba na lipi halina.

Wote wakikimbilia panapofaa

Kuhusu kujifunza chaneli ipi ni bora nitasema machache, kwa kuwa yameandikwa sana. Hisabati yake imetoka kwenye tatizo la mashine za kamari: una mashine kadhaa, hujui ipi inatoa zaidi, na kila shilingi unayoijaribia mbovu imekwenda. Mwaka 2002 Peter Auer na wenzake walitoa kanuni nyepesi na nzuri: ipe kila mashine alama ya matumaini, usiyoijaribu sana uipe matumaini zaidi, kisha ucheze yenye alama kubwa. Weka chaneli mahali pa mashine, na redio inajifunza yenyewe.

Kasoro ni kwamba mashine ya kamari haijali nani mwingine anacheza. Chaneli inajali. Pitia ghorofa yoyote ya Majengo au Kisauni baada ya Magharibi, watu wamerudi nyumbani, na utazame rauta zilizowekwa zijichagulie. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizopandiana, 1, 6 na 11. Rauta mbili zinaona 6 imejaa, zote zinahamia 11, zinakutana huko, zote zinarudi. Dawa yake ni ya kizembe na inafaa sana: ngoja muda wa kubahatisha kabla ya kuhama, na usihame mpaka faida iwe kubwa kweli. Nimewazimia wateja wengi kujichagulia huko kabisa, na malalamiko yamepungua.

Ombi la shule

Bado hatujarusha hata wati moja kwenda Jomvu, kibali kinaombwa. Lakini mpango wa masafa ni mimi niliyeuandika, na baada ya usiku wa Pemba niliuandika upya.

Nimeweka sharti ambalo hakuna kanuni inayonitaka niliweke. Kuanzia Magharibi hadi alfajiri, miezi ya kaskazi, lile bonde halitumiki, hata kanzidata ikisema liko wazi na masikio ya kifaa yasisikie kitu. Kiungo kitahamia bonde jingine ambalo usiku ule lilibaki bonde, ingawa liko karibu na mtambo wa hapa hapa na kelele yake ni kubwa, kwa hiyo kitashuka kutoka 64-QAM hadi 16-QAM. Theluthi moja ya kasi imekwenda. Mchana shule inapata yote, na mchana ndipo ilipo kazi yake kubwa. Nimependekeza pia masomo ya video yapakuliwe mchana na kuwekwa kwenye kompyuta ya pale shuleni, usiku wanafunzi wayatazame bila kugusa kiungo.

Nina ubinafsi pia katika hili, nisijipambe. Usiku wa kaskazi Pemba ingekibomoa kiungo changu hata kama nisingemjali mtu. Masikio ya kifaa yangegundua, kingehama, kingerudi kilima kikipungua, kingehama tena. Ningekuwa nashinda kwenye simu.

Mwalimu mkuu aliupokea mpango kwa adabu, akausoma wote, kisha akaweka kidole kwenye kifungu hicho.

"Watahiniwa wangu wa kidato cha nne wanasoma usiku, fundi. Unanipunguzia kwa ajili ya mtu ambaye sheria haimjui?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba si mmoja. Siku zilizofuata nilihesabu antena zilizoelekezwa kusini kwenye mapaa ya mtaa ule, nikaacha kuhesabu. Hakuridhika. Ameomba kifungu kiandikwe kuwa cha majaribio kwa msimu mmoja, tupime kasi ya usiku kwa kila bonde, na kusi ikianza tukae tena na namba mkononi. Nimekubali hilo la kupima. La majaribio bado tunavutana.